Kaburi la Bibi Maryam wa Qalhat

Panapotajwa jengo la mapenzi, wengi wetu huikumbuka Taj Mahal ya Agra, ambayo Shah Jahan alimjengea mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631. Wachache wajuao kwamba hapa petu Sharqiyah, mwendo wa kilomita 20 na kitu kutoka Sur kwa njia ya Maskati, liko kaburi lililoitangulia Taj Mahal kwa kiasi cha miaka 300.

Qalhat ilikuwa mji wa pili wa ufalme wa Hormuz. Hapo ndipo farasi wa Kiarabu walipopakiwa kwenda Bara Hindi. Mtawala wake alikuwa Bahauddin Ayaz, mtu wa asili ya Kituruki aliyeanza katika utumwa akapanda daraja hata akaitawala Hormuz yenyewe. Alipofariki, kiasi cha mwaka 1311, mkewe Bibi Maryam aliushika mji wa Qalhat akauendesha.

Nilipofika niliona chumba kimoja cha mraba, cha mawe na matumbawe na chokaa, kuta zina mapambo ya matao, na chini yake handaki. Kuba lilikwishaanguka sehemu yake. Aliyekulia Unguja hahitaji kuambiwa chokaa ile ni kitu gani.

Wako wasemao kuwa mume alimjengea mke. Wako wasemao kuwa mke ndiye aliyemjengea mume. Wajukuu zangu waliniuliza ipi ni kweli. Niliwajibu kuwa liko jambo moja lililoandikwa na shahidi, nalo si la kaburi.

Shahidi huyo ni Ibn Battuta. Yeye alitoka kwetu: alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kisha akapitia Dhofar hata Sur. Kutoka Sur aliiona Qalhat akadhani ni karibu, akaenda kwa miguu, na akafika hoi. Alikaa siku 6, akasifu samaki wa kuchoma wa pale, aliyeliwa kwa wali wa mchele wa Bara Hindi. Akausifu na msikiti ulioinuka juu ya bandari, kuta zake zimepambwa kwa vigae vya kashani, akasema umejengwa na mwanamke mwema, Bibi Maryam. Akawaeleza wasomaji wake Waarabu maana ya neno “bibi”, kuwa ni mwanamke mwungwana. Sisi hatuna haja ya tafsiri hiyo. Neno hilo tumelikuta midomoni mwa mama zetu.

Mwaka 1508 Wareno chini ya Afonso de Albuquerque waliuchoma mji pamoja na msikiti ule. Karne hii wachimbaji wa Kifaransa wameufukua msingi wake karibu na pwani, na mwaka 2018 UNESCO iliuingiza mji wa kale wa Qalhat katika orodha ya urithi wa dunia.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kutoyakuza makaburi, na kwamba sadaka iendeleayo ndiyo imfaayo maiti. Kwa hiyo mimi nauhesabu msikiti ule kuwa ndio ukumbusho wake hasa, ingawa umeanguka na kaburi limesimama. Hata hivyo, bila ya msafiri mmoja kuandika, tusingejua nani aliujenga.

Hapo ndipo penye hofu yangu juu yetu. Makaburi ya bibi zetu yako Unguja, Pemba na bara, na mengi hayana hata jiwe. Katika nasaba zetu tunataja fulani bin fulani hata babu wa saba, lakini mama zao hatuwataji. Nawaomba kila nyumba, kabla ya kitabu kijacho, iandike majina ya bibi zake: alizaliwa wapi, amezikwa wapi, na alifanya jambo gani la kheri. Waulizeni wazee wakingali hai. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia. Amin.