Jina la Nani Liko Kwenye Fomu?

Ukipita Turbo kwa matatu ya kwenda Malaba unaona malori, mahindi ya kuchoma, na ukigeuza shingo, misonobari ya serikali. Miti hiyo ililisha kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kule Webuye, kilichofungwa 2009. Reli nayo imepita hapa tangu miaka ya 1920. Kwa hivyo huu mji, mdogo ulivyo, umelea vizazi vya watu wa mshahara: reli, msitu, kiwanda, walimu, polisi. Umewazika pia. Mimi nauliza swali moja tu: wakishazikwa, ile pesa yao ya uzeeni humwendea nani?

Serikali ya koloni ilijibu kwa rangi ya ngozi. Kulikuwa na sheria ya pensheni ya wajane na mayatima wa maafisa Wazungu, na nyingine kwa familia za maafisa Waasia. Mke wa Mwafrika aliyebeba mataruma ya reli hakuwa kwenye orodha hiyo. Ilidhaniwa ana shamba nyumbani, basi atalima.

Baada ya uhuru, mwaka 1965, ikaja NSSF. Ulikatwa, mwajiri akaongeza, ukizeeka ulipewa zote kwa mkupuo. Ukifa mapema, wanapewa waliobaki. Wazo zuri, pesa kiduchu: hadi mapema 2023 wengi walikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200, hata kama mshahara ni laki.

Halafu kuna ukoo. Sheria ya Urithi ilianza kazi Julai 1981, ikampa mjane mwenye watoto haki ya kutumia mali ya marehemu maisha yake yote, lakini ikaweka sharti: akiolewa tena, haki hiyo inaisha. Mwanamume aliyefiwa na mke hakuwekewa sharti hilo. Na 1987, Wambui Otieno alipopigania mwili wa mumewe, wakili S. M. Otieno, Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo. Wajane wengi walisoma ujumbe hapo.

Sasa, sheria ya mafao ya uzeeni ya 1997, ile iliyounda mamlaka ya RBA, ina kifungu ambacho watu wachache wanakijua, nami nadhani ndicho cha maana kuliko vyote. Kinasema mafao ya mwanachama aliyekufa si sehemu ya mirathi. Wadhamini wa mfuko wanalipa kwa kufuata kanuni za mfuko, na wanaanza kwa kuangalia fomu ya wanufaika. Shemeji hawezi kuja na wazee wa ukoo akadai hiyo pesa kama anavyodai ng'ombe. Safi. Lakini upanga huo unakata kuwili: kama marehemu aliandika jina la mamake akiwa kijana wa miaka 23, kabla hajaoa, na hakurudi kuibadilisha, mjane ndiye anaanza kubembeleza.

Jina lake likiwepo, ana njia. Mume akifa akiwa bado kazini, anaweza kuchukua mkupuo, au, kanuni zikiruhusu, apeleke pesa kwa kampuni ya bima imlipe kila mwezi, yaani anuiti. Sehemu ya watoto wadogo inaweza kuwekwa kwenye amana. Mume akifa akiwa ameshastaafu, mambo ni tofauti, na hapa ndipo nakasirika. Siku mzee alipostaafu na kununua anuiti, alichagua: ya mtu mmoja, au ya wawili. Ya wawili inaendelea kumlipa mke. Ya mtu mmoja inaleta hela zaidi kila mwezi, kwa hivyo inavutia, ila mzee akifa baada ya miaka ya dhamana kwisha, mama hapati hata ndururu. Uchaguzi wake ulishafanywa, labda hata hakuwa chumbani.

Marekani waliliona hili mwaka 1984. Bunge lao lilipitisha sheria kwamba katika pensheni za kampuni binafsi, mume hawezi kukataa malipo ya wawili bila sahihi ya mke, na mke vilevile bila sahihi ya mume. Fomu nilizojazia watu hapa kwenye saiba, na nimejaza nyingi, hazina mstari huo.

Kisha kuna makaratasi. Mjane anaombwa cheti cha kifo, vitambulisho, barua ya chifu, uthibitisho wa ndoa. Turbo ni mji uliochomwa baada ya uchaguzi wa 2007. Vyeti viliungua pamoja na magodoro. Na ndoa za kimila zilianza kusajiliwa rasmi juzi tu, 2017.

Wajane wa reli wana hadithi yao. Mwaka 2006, reli ilipokodishwa kwa kampuni binafsi, wastaafu waliwekewa mfuko wao, na sehemu kubwa ya mtaji ilikuwa ardhi na nyumba za Nairobi, kama Muthurwa na Makongeni. Yaani pensheni ya mama anayeishi Turbo inategemea mtu fulani kununua ploti Nairobi.

Pesa ambazo hakuna aliyezidai hupelekwa UFAA, mamlaka ya mali zisizodaiwa. Unapiga *361# na nambari ya kitambulisho cha marehemu. Na kama bado yuko hai, fomu ya wanufaika inabadilishwa wakati wowote, ofisini kwao.