Uwanja wa ndege wa Goma: tuupime namna gani?

Wachumi wana kipimo chao cha viwanja vya ndege. Abiria mmoja na mizigo yake wanamhesabu sawa na kilo 100 za bidhaa. Jumla hiyo wanailinganisha na idadi ya wafanyakazi na pesa zilizotumika. Kuhusu ubora wa huduma, ACI, shirika la viwanja vya ndege duniani, tangu 2006 linawauliza wasafiri wenyewe: mulingoja muda gani, vyoo ni safi, mulipokelewa vizuri?

Ni maswali mazuri. Lakini historia ya uwanja wa Goma, katika Kivu ya Kaskazini, inaonyesha kwamba hayatoshi.

Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Lava iliteremka hadi katikati ya mji, na njiani ikafunika karibu theluthi moja ya barabara ya kurukia ndege, upande wa kaskazini. Barabara ya mita 3,000 ikabaki na karibu mita 2,000. Ndege kubwa zilikosa nafasi ya kutua, na ndege inayoondoka kwenye barabara fupi inalazimika kubeba mizigo michache. Kwa mji usiokuwa na barabara nzuri ya gari kufika Kinshasa, hasara hiyo iliwafikia hata wakaaji ambao hawajapanda ndege hata siku moja: iliingia katika bei za sokoni.

Hasara nyingine haikuwa ya pesa. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege DC-9 ya kampuni Hewa Bora ilishindwa kuruka. Ilipita mwisho wa barabara upande wa kusini na kuingia Birere, mtaa wa maduka na wachuuzi. Watu karibu 40 walikufa, wengi wao wakiwa raia waliokuwa kwenye shughuli zao. Tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo Dornier 228 ilianguka juu ya nyumba za watu huko Mapendo, muda mfupi baada ya kuruka.

Wachuuzi wa Birere hawakuwa abiria wala wafanyakazi wa uwanja. Katika hesabu ya wachumi hawamo, na hakuna aliyewauliza kuhusu ubora wa huduma. Hata hivyo, wao ndio waliolipa bei kubwa kuliko wote.

Pesa hazikukosekana kabisa. Tangu 2009, kila msafiri analipa Go Pass ili viwanja vya inchi vitengenezwe: ilianza kwa dola 10 kwa safari za ndani na dola 50 kwa safari za inje. Mwaka 2015, Benki ya Dunia ilikubali mradi wa dola milioni 52 kwa usalama wa uwanja wa Goma. Lakini kutoka lava hadi mradi huo ilipita miaka 13. Ucheleweshaji nao ungepaswa kuhesabiwa kama gharama.

Januari 2025, M23 walipouteka mji, uwanja ulifungwa. Msafiri wa Kinshasa akaanza kuvuka mpaka na kusafiri kilomita zaidi ya 150 hadi Kigali kutafuta ndege. Siku uwanja utakapofunguliwa tena kwa wasafiri wote, tuhesabu abiria na tani za mizigo, ndiyo. Lakini tuanze kwa kuwauliza wakaaji wa Birere na Mapendo: ndege ikipita juu ya nyumba zenu, munalala kwa amani?