Mwili Unaoachwa Nje ya Mahubiri

Katika makanisa yetu mengi, mtu anayeuchukia mwili wake hupewa jibu moja: Mungu haangalii sura, anaangalia moyo. Jibu hilo linatoka 1 Samweli 16:7, na anayelitoa huwa na nia njema. Lakini jinsi linavyotumiwa, halimponyi anayeambiwa. Linamthibitishia kile anachokiogopa. Binti aliyeamini kuwa weusi wake ni kasoro, akiambiwa kwamba Mungu hautazami, anabaki na kasoro yake ileile, na Mungu aliyeamua kuifumbia macho.

Sura hiyo yafaa isomwe mpaka mbele. Samweli anaonywa asimchague Eliabu kwa kimo na umbo lake. Aya tano baadaye Daudi anaitwa kutoka machungani, na mwandishi hajizuii kutaja uzuri wa macho na umbo lake. Kinachokataliwa pale ni kupima thamani ya mtu kwa sura yake. Sura yenyewe haijadharauliwa.

Madhara ya kulinyamazia jambo hili yanaonekana kwenye mkorogo wa kujichubua ngozi. Harusi inapokaribia, bibi harusi anachanganyiwa krimu na losheni katika kopo moja. Uso unang'aa, vifundo vya vidole vinabaki vyeusi, na siku yenyewe glavu nyeupe zinaficha tofauti hiyo. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu huharibu figo. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, na kidonda kikachelewa kupona. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kuingiza nchini vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni, lakini krimu hizo bado zinauzwa. Serikali inaweza kukamata kopo. Kumsaidia mtu asilitamani ni kazi ya kanisa, na mara nyingi kanisa limeifanya kwa kukemea: anayejichubua ana kiburi, anamkosoa Muumba. Mimi siuoni ukweli wa shutuma hiyo. Mwanamke anayekwenda dukani kwa hofu ya kuachwa hana kiburi hata chembe.

Tena hofu hiyo kanisa limeichangia. Kristo aliyechorwa na Mmarekani Warner Sallman mwaka 1940, mweupe, nywele laini hadi mabegani, amesambazwa duniani kote, na picha za namna hiyo zimetundikwa katika sebule zetu nyingi. Mtoto anayesali mbele yake kila jioni anafundishwa rangi ya utakatifu bila mtu kutamka neno. Wachongaji wa Kimakonde wamemchonga Kristo kwa mpingo. Natamani sana kuziona kazi hizo madhabahuni, si katika maduka ya watalii tu.

Fundisho tunalolihitaji tunalo tangu zamani. Katika karne ya 2, Irenaeus wa Lyon aliwapinga Wagnostiki waliouona mwili kuwa kitu cha kutupwa, akashikilia kwamba nyama hiihii ndiyo inayookolewa. Mtumishi wa Isaya 53 hana uzuri wa kumvutia mtazamaji. Na katika Yohana 20, Kristo aliyefufuka anamwonyesha Tomaso mikono na ubavu: kifo kimeshindwa, makovu yamebaki. Mwanamke mwenye kovu la upasuaji, au aliyeondolewa titi kwa saratani, anastahili kuhubiriwa aya hizo akiwa hai, si kusomewa ufufuo kaburini tu.

Wapo wanaohofia kwamba kuuheshimu mwili hivyo kutazaa majivuno. Lakini anayeuchukia mwili wake ndiye asiyebanduka kwenye kioo. Aliyekubali kwamba mwili huo umeumbwa, umekombolewa na utafufuliwa, anapata nafasi ya kufikiria mambo mengine.

Pa kuanzia papo: mafundisho ya ndoa. Huko mwili hutajwa kama mtego kabla ya harusi na kama wajibu baada yake. Yohana 20 isomwe hapo, na bwana harusi awepo akisikiliza, kwa kuwa mara nyingi ni yeye, au mama yake, aliyeuliza kwanza kwa nini mchumba hang'ai.