Hadithi ya Mahuta na Uzito wa Ndoo ya Maji

Karl Weule, mtafiti wa makumbusho ya Leipzig, alipofika Uwanda wa Makonde mwaka 1906 alitatizwa na jambo moja: watu walijenga juu, kwenye mchanga usioshika maji, huku chemchemi zikiwa chini kabisa ya mteremko. Alisimuliwa hadithi ya asili ya Wamakonde. Kiumbe wa kwanza, asiyeoga, aliishi peke yake porini. Alichonga sanamu ya mti. Usiku ikapata uhai, ikawa mwanamke, naye akamwoa. Kando ya mto Ruvuma walizaa mtoto mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi juu, Mahuta, ambayo leo imo wilayani Tandahimba. Wa tatu akaishi. Tangu hapo wazao wao wakausiwa wasikae karibu na mito mikubwa.

Ni rahisi kuisoma hadithi hii kama somo la afya: bondeni kuna mbu, juu kuna upepo. Usomaji huo una ukweli, lakini hautoshi. Mwanasaikolojia Jerome Bruner alidai mwaka 1991 kwamba binadamu hupanga uhalisia wake kwa masimulizi. Ningeongeza kwamba masimulizi hayo hupanga pia gharama: yapi tuyahesabu kuwa hasara, na yapi tuyaone kuwa maisha ya kawaida tu. Aliyekua akisikia habari za watoto wawili waliozaliwa wafu mabondeni haoni mwendo wa saa kadhaa kwenda chemchemi kuwa dhiki inayodai suluhisho. Huo ndio mwendo wa walio hai.

Kuna pia kilichonyamaziwa. Katika karne ya 19, vichaka vizito vya uwanda vilikuwa kimbilio dhidi ya wateka watumwa na mashambulizi ya Wangoni. Hadithi haiwataji hata kidogo. Ndani yake Wamakonde si watu waliokimbia. Ni wazazi waliochagua. Siuiti ukimya huo uongo. Ulilipa kabila zima heshima ambayo historia ya kukimbizwa isingewapa, na heshima hiyo ni sehemu ya uhalisia sawa na vichaka vyenyewe.

Ukimya wa pili ndio unaonisumbua. Mwanamke wa hadithi anachongwa, anaolewa, anazaa. Hatumwoni hata mara moja akipanda mteremko na maji kichwani, ingawa uamuzi wa kukaa juu ulisimama juu ya shingo yake.

Maofisa wa kikoloni nao walikuja na simulizi yao: uwanda ni mkame. Lakini mvua hunyesha vizuri tu. Maji huzama mchangani na kutokea chini. Kusema "ukame" kulifanya tatizo lionekane la mbingu, ilhali lilikuwa la umbali na la nani anayeutembea. Hata hivyo mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 uliukubali wosia wa Mahuta bila kuutaja. Haukuwashusha watu, ulipandisha maji kwa pampu, na chanzo cha Mitema, katika bonde la Kitangari, kikawa tegemeo lake. Pampu inaposimama, gharama ile ya zamani hurudi mahali ilipokuwa. Ndiyo maana tathmini ya mradi huo ikihesabu lita na fedha peke yake inakuwa imeirithi hadithi pamoja na ukimya wake. Ianze na saa za wanawake.