Namba na Herufi za ThinkPad Nyepesi, 1992–2020

Kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa kompyuta mpakato ya ThinkPad 700C mwezi Oktoba 1992, ilikuwa imekwisha kuvunja desturi yake ya kuzitambulisha bidhaa kwa namba tupu. Hata hivyo, namba zilizoandamana na jina hilo zilikuwa na mantiki iliyo wazi: tarakimu ya kwanza ilionyesha daraja, yaani 700 kwa mashine za juu, 300 kwa za bei nafuu na 500 kwa zile ndogo za kubebeka kwa urahisi, ilhali herufi C ilimaanisha kioo cha rangi, jambo ambalo wakati huo lilikuwa fahari na lilistahili kutajwa.

Mantiki hiyo haikudumu. Mwaka 1995 ilitoka 701C, mashine ndogo ambayo kibodi yake ilijitanua kifuniko kilipofunguliwa, nayo ilipewa namba ya daraja la juu ingawa kwa umbo ilikuwa ya kundi la 500. Kisha 240 ya mwaka 1999, iliyokuwa ndogo kuliko 560 ya mwaka 1996, ikawa na namba ya mfululizo mwingine kabisa. Ndiyo maana mwaka 2000 IBM ilitanguliza herufi: A kwa mashine kubwa za kukaa mezani, T kwa zilizounganisha wembamba na nguvu, na X kwa zile nyepesi za msafiri. Kati ya taratibu zote za ThinkPad, huu ndio uliomtendea mnunuzi haki zaidi, kwa sababu herufi ilitaja kazi ya mashine na namba ilipanda kwa kufuata umri, kuanzia X20 ya mwaka 2000 hadi X40 ya mwaka 2004, yenye uzito wa takriban kilo 1.2, na X60 ya mwaka 2006.

Lenovo ya China, iliyokamilisha ununuzi wa kitengo hicho mwaka 2005, iliibadilisha maana ya namba mwaka 2008. Tangu hapo tarakimu ya kwanza ilidokeza ukubwa wa kioo, hivi kwamba X200 ilikuwa na kioo cha inchi 12, X300 inchi 13 na T400 inchi 14, na kizazi, yaani toleo jipya la mashine ile ile, kikahamia tarakimu ya kati: X220 ilitoka mwaka 2011, X230 mwaka 2012, na mlolongo ukaendelea hadi X280 ya mwaka 2018. Mwaka 2020 ikaja X13, ambayo namba yake ni inchi za kioo waziwazi, na kizazi kikaandikwa kando. Kwa hiyo anayedhani kwamba namba kubwa ni dalili ya upya ataiona X13 kuwa ya zamani kuliko X20, ilhali baina yao kuna miaka 20.

Ngumu zaidi kuitambua ni X1 Carbon, iliyotolewa mwaka 2012 na kupewa jina la nyuzi za kaboni zilizoimarisha gamba lake, kwa kuwa vizazi vilivyofuata vilibaki na jina lile lile. Herufi A nayo ilirudi na maana nyingine: iliyokuwa alama ya mashine nzito mwaka 2000 ikawa, katika A285 ya mwaka 2018, alama ya mashine ndogo ya inchi 12.5 yenye kichakataji cha kampuni ya AMD, kichakataji kikiwa ni kile kijenzi kikuu kinachotekeleza hesabu za kompyuta.

Nyingi kati ya mashine hizi sasa huuzwa zikiwa zimekwisha kutumika, zikiwemo zinazoingizwa Nairobi na Dar es Salaam kutoka ng'ambo, na muuzaji hutaja jina fupi tu. Mnunuzi na aigeuze mashine, asome kwenye lebo ya chini msimbo wa aina wenye herufi au tarakimu nne, kisha aulinganishe na orodha ya Lenovo kabla ya kulipa, kwa kuwa msimbo huo hutofautisha kizazi na kizazi hata pale ambapo jina la juu halijabadilika.