Waliobeba Mizigo Kirinyaga

Mkoba wangu ulinishinda kwenye ukingo ulio juu ya Ziwa Michaelson. Tulikuwa wasee wanne kutoka Nairobi, siku ya pili tangu tuingie kwa lango la Chogoria, na asubuhi hiyo tulikuwa tumeondoka Ziwa Ellis tukipiga stori na kuimba. Kufikia saa sita hakuna aliyekuwa na stori tena. Kushoto kwetu ardhi ilikatika ghafla, na chini kabisa, mamia ya mita, ziwa lilikuwa limetulia kijani kibichi kama chai ya majani isiyotiwa maziwa. Kichwa kilinigonga. Kila hatua ilitaka pumzi tatu.

Mzee aliyebeba mahema na chakula chetu alisimama akanisubiri. Hakusema kitu. Aliuchukua mkoba wangu, akauvaa kifuani, maana mgongoni alikuwa na mzigo wake tayari, akaendelea kupanda. Ana umri wa kuwa babangu.

"Pole pole, kijana," alisema bila kugeuka. "Mlima haukimbii."

Nilimfuata nikiangalia visigino vyake, na aibu ikanikumbusha hesabu niliyoisoma kabla ya safari na kuipita haraka.

Mwaka 1899, Mwingereza Halford Mackinder alitoka Nairobi, ambayo wakati huo ilikuwa kambi ya reli tu, akaelekea mlima huu. Msafara wake ulikuwa na Wazungu sita, Waswahili 66, Wagikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Jumla watu 170. Njaa iliwapata njiani, na Waswahili wawili waliuawa walipotumwa kutafuta chakula. Tarehe 13 Septemba, Mackinder alisimama juu ya Batian, mita 5,199, pamoja na watu wawili kutoka milima ya Alpi: César Ollier na Joseph Brocherel.

Sasa angalia hapa. Ollier alikuwa kiongozi wa njia, lakini Brocherel aliajiriwa kama mpagazi. Mpagazi! Jina lake linatajwa hadi leo kila historia ya mlima inaposimuliwa. Wale 66 na wale 96 tunawapata kama tarakimu. Walibeba mahema, chakula na vyombo vya kupimia, wakalala kwenye baridi ile ile, kisha wakabaki kuwa idadi.

Ukitembea huku na ramani mkononi, unaona nani alikuwa na kalamu. Kuna Bonde la Mackinder. Kuna Bonde la Hausburg, jina la jamaa wa mke wa Mackinder aliyekuwa kwenye msafara. Kuna Bonde la Teleki, jina la bwana mkubwa kutoka Hungaria aliyefika 1887 na hakufika kileleni. Barafu kubwa kuliko zote iliitwa Lewis, kwa heshima ya mwanajiolojia Mmarekani aliyekufa 1888 bila kukanyaga hapa. Hata vilele vitatu vikuu, Batian, Nelion na Lenana, vilipewa majina ya viongozi wa dini wa Kimaasai, na aliyevibatiza ni Mackinder huyo huyo. Wagikuyu, Waembu na Wameru wanaoishi miguuni pa mlima, na ambao wazee wao waliomba wakielekea huku, hawakuulizwa.

Lakini jina la mlima wenyewe lina stori nyingine. Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona akiwa Kitui, kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba. Ulaya wasomi walimcheka: theluji kwenye ikweta? Kumbe Wakamba walikuwa na jina tayari, Kiinyaa, lenye picha ya mbuni, yule ndege mwenye manyoya meusi na meupe, kama mwamba na barafu. Jina la aina hiyo, likipindwa na ndimi za wageni, ndilo tunaloliandika kwenye pasipoti zetu. Na usiku wa uhuru, Desemba 1963, Mkamba mwingine, Kisoi Munyao, ndiye aliyepandisha bendera ya Kenya mlimani. Yeye jina lake tunalo. Ni mmoja.

Jioni tulifika Hall Tarns, mita 4,300 hivi, vidimbwi vilivyotulia kwenye mwamba mtupu. Maziwa ya huku yamechimbwa na barafu. Zamani sana ilijaza mabonde haya, ikasaga mwamba ikishuka, na iliporudi nyuma ikaacha mashimo yanayoshika maji. Kwa hivyo ukiona ziwa, unaona mahali barafu ilipopita.

Tulipanda Lenana alfajiri, mita 4,985, bila Mzee. Wapagazi wetu hawakupita kileleni. Walizunguka chini na mizigo ili tukishuka upande wa pili tukute hema zimesimama. Juu, jua likachomoza, tukakumbatiana, tukapiga picha. Manze, nililia kidogo. Tuliposhuka, chai ilikuwa inachemka.

"Mzee, wewe umefika Lenana mara ngapi?"

"Zamani nilikuwa napanda na wageni. Niliacha kuhesabu." Akanimiminia chai. "Una picha yako ya huko?" nikauliza. Akacheka. Nani angempiga, na mikono yake ilikuwa na mizigo ya watu?

Nilimpa simu aone zangu. Nilidhani ataangalia nyuso zetu na bendera tuliyoshikilia. Aliipita bendera. Alikuza picha kwa vidole viwili hadi kwenye kipande cha barafu nyuma ya bega langu, kilichobaki cha Lewis, kijivu kama shuka kuukuu. Wanasayansi wanakadiria kwamba kabla ya 2050 hakitakuwepo.

"Nilipoanza kazi," alisema, "ilifika hapa." Kidole chake kikateleza juu ya kioo kuonyesha, kikapita mwamba, kikapita mguu wangu, kikatoka nje ya simu na kuendelea hewani.

Nilitoa daftari. Nikamwomba aanze upya, polepole, na kwanza anitajie jina lake kamili.