TAUNI YA AMWAS: NI NINI KILIWASHINDA MASHUJAA WALE?



Ndugu zangu, katika darsa ya baada ya Maghrib nilitaja kifo cha Abu Ubayda bin al-Jarrah (RA). Kijana mmoja akaniuliza: "Sheikh, mtu aliyepigana Badr na Uhud, mwili wake ulishindwa na nini?" Sikuwa na jawabu. Nikamwomba siku chache. Nimesoma, na nimemuuliza daktari mmoja anayeswali nasi. Haya ndiyo niliyoyapata. Ni marefu kidogo, nivumilieni.

Mwaka wa 18 Hijria, sawa na 639 Miladia, majeshi ya Waislamu yalikuwa Sham. Amwas ulikuwa mji mdogo wa Palestina, upande wa njia iendayo Baytul Maqdis. Hapo maradhi yakadhihiri, kisha yakaenea Sham. Wanahistoria wetu wanataja watu wapatao 25,000 waliofariki. Miongoni mwao Abu Ubayda mwenyewe, Muadh bin Jabal, Yazid bin Abi Sufyan na Shurahbil bin Hasana, Allah awe radhi nao wote. Majemadari ambao Warumi hawakuwaweza, waliondoka kwa muda mfupi, mmoja baada ya mwingine.

Sayyidna Umar (RA) alikuwa njiani kwenda huko. Alipofika Sargh akapokewa na majemadari, wakampa habari. Akawaita Muhajirina, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, wakakhitalifiana vilevile. Akawaita wazee wa Kikureshi, na hao kwa kauli moja wakamwambia arudi na watu wake. Abu Ubayda hakuridhika; aliona huko ni kuikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba wanatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye pande mbili, moja lina majani na moja kavu. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi aliyoisikia kwa Mtume (SAW): msiingie penye tauni, na ikiwakuta mlipo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akageuza msafara.

Hapo ndipo wengi wetu huishia tunapowaidhi. Sasa tuingie ndani ya mwili.

Imepokewa kwa Bibi Aisha (RA) kwamba Mtume (SAW) aliulizwa tauni ni nini, akaifananisha na tezi inayomvimba ngamia. Sisi watu wa pwani uvimbe wa namna hiyo ukitoka kinenani tunauita mtoki. Zingatieni, kwa sababu jawabu la yule kijana limo humo. Tezi hizi zipo kinenani, kwapani na shingoni, nazo ni vituo vya ulinzi. Ukichomwa na mwiba mguuni, kinachoingia huchukuliwa na maji ya mwilini hadi kwenye tezi iliyo karibu. Ndiyo maana kidonda cha unyayo huleta mtoki wa kinena.

Katika hali ya kawaida kazi huanza mapema. Ndani ya saa chache chembe nyeupe za damu hukusanyika penye jeraha na kuwameza bakteria. Pale panapokuwa pekundu, pakapata moto na kuvimba, ujue wamefika. Ule usaha unaotuchukiza, sehemu kubwa ni chembe nyeupe zilizokufa kazini. Homa nayo si adui. Ubongo wenyewe ndio unaopandisha joto kuusaidia mwili. Baadaye, baada ya siku kadhaa, hutoka kingamwili zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya mdudu yule mmoja.

Habari ya chembe kumeza vijidudu ilijulikana kwa njia ya ajabu. Mwaka 1882, mjini Messina, Sicilia, mtaalamu wa Kirusi Ilya Metchnikoff alichukua mabuu ya kiti cha pweza, ambayo mwili wake unapenya mwanga, akayachoma kwa miiba ya waridi. Asubuhi yake akakuta chembe zimeuzunguka mwiba. Mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Viti vya pweza tumevikanyaga ufukweni tangu utotoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza. Subhanallah.

Basi kama ulinzi ni huo, Amwas kulikuwaje?

Bakteria wa tauni alitambuliwa Hong Kong mwaka 1894 na Alexandre Yersin, aliyechukua majimaji kutoka kwenye mitoki ya maiti. Mdudu huyu ana hila. Ndani ya kiroboto anaishi kwenye ubaridi. Akiingia kwa binadamu na kulikuta joto la mwili, hubadilisha ngozi yake ya nje, na walinzi wetu hawamtambui. Siku ya kwanza mwili unakaa kimya kana kwamba hakuna kitu. Wengi wanaomezwa hufa, lakini baadhi ya chembe zinazommeza hushindwa kumuua, naye akazaliana humo humo, mfano wa mwizi aliyejificha ndani ya gari la polisi. Anapotoka amevaa utando mpya, tena ana kitu kama sindano anachowadungia askari wengine wasiweze kummeza. Tezi inajaa, inavimba kama yai. Kilichokuwa kituo cha ulinzi kimekuwa kambi ya adui.

Akitoka hapo akaingia damuni, mwili sasa ndio unashtuka, na unashtuka mahali pote kwa wakati mmoja. Mishipa inavuja, presha inashuka, damu inagandia kwenye mishipa midogo hadi vidole vinakuwa vyeusi, figo zinasimama. Madaktari wanaita sepsisi. Hapo anayemuua mgonjwa si bakteria peke yake; ni mapambano yenyewe yaliyovuka mpaka.

Kwa hiyo kijana wangu, mwili wa Abu Ubayda haukuwa dhaifu. Ulidanganywa siku za mwanzo. Wapo waliopona. Procopius, mwanahistoria wa Rumi aliyeiona tauni ya Konstantinopoli mwaka 542, ambayo ya Amwas huhesabiwa kuwa wimbi lake la baadaye, aliandika kwamba wale ambao mitoki yao ilikua ikapasuka na kutoa usaha ndio waliosalimika. Hakujua chembe nyeupe ni nini, ila aliziona kazi zake.

Na msidhani haya ni ya zamani tu. Lushoto, katika milima ya Usambara, tauni ilizuka mwaka 1980 ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20. Bila ya matibabu, tauni ya mitoki huua kati ya watu 30 na 60 katika kila 100. Ikiwahiwa, wengi hupona. Moja ya dawa zake ni streptomaisini, iliyopatikana Marekani mwaka 1943 kutoka kwa kiumbe mdogo anayeishi udongoni. Dawa kama hii huwapunguza bakteria, na chembe zako zikapata nafasi ya kumaliza. Wote wawili wanahitajika. Na ndiyo maana mwenye kuacha dozi katikati kwa kuwa amejiona mzima anawaachia waliobaki.

Sasa niseme langu, nalo ni zito. Sepsisi haiji kwa tauni tu. Huja kwa kidonda cha mguu cha mwenye kisukari, kwa uzazi, kwa nimonia. Miaka iliyopita aliletwa kwangu mzee mmoja, mguu umevimba, ana homa, anapumua haraka, maneno yake yanachanganyika. Wanawe waliniomba nimsomee. Nikamsomea, nikampa maji ya kisomo, nikawaambia wasubiri hadi asubuhi. Kisomo hakikuwa kosa. Kosa ni lile neno "asubuhi". Kabla ya Alfajiri alikuwa amefariki, na mimi ndiye niliyemuosha. Sijui kama angepona. Ajali iko kwa Mola wake. Lakini usiku ule nilijiona nafuata kauli ya Abu Ubayda pale Sargh, na nikasahau kwamba Umar alishaijibu.

Sasa akiletwa mtu wa namna ile, nasoma tukiwa ndani ya bajaji.

Nimalizie kisa. Abu Ubayda alipofariki, Muadh akashika nafasi yake, naye akafariki. Akashika Amr bin al-As. Akawahutubia watu kwamba maradhi haya yakishika huwaka kama moto, basi watawanyike milimani. Wapo waliompinga kwa maneno makali. Yeye akatoka, na watu wakatoka wakatawanyika, hadi Allah akawaondolea. Habari ikamfikia Umar, Madina. Imepokewa kwamba hakulichukia alilofanya Amr.

Wallahu a'lam. Mwombeeni rehema yule mzee wetu.